Mafaili 2,866 yaliyobaki njiani: kisa cha shangazi na laptopu yake mpya

Shangazi alinipigia simu usiku, nikamwamkia, akaitikia haraka haraka kisha akasema "mwanangu nimehama ila sijafika." Nikacheka, nikadhani ananitania, kumbe mwenzangu yuko mbele ya laptopu mbili mezani na karibu aanze kulia. Kompyuta mpya inawaka vizuri, aikoni zake zote anaziona pale kwenye desktop kama zilivyokuwa kwenye ile ya zamani, ila akibofya faili la hesabu za mteja anaambiwa halipo. Anabofya lingine, halipo. Kumi na tisa zote hazifunguki hata moja.

Nikamuuliza swali moja tu: ya zamani umeshafuta kitu? Akasema bado, ila kijana wa jirani keshaahidiwa ataichukua Jumamosi. Nikamwambia basi shangazi hiyo laptopu isiguswe na mtu, usiifomati, usimpe mtu, hata usiifungue tena mpaka nije. Sentensi hiyo ndo iliyookoa kisa chote, mengine yote yaliyofuata ni ufundi.

Nieleze mazingira kidogo. Shangazi anaandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, kazi yake yote iko kwenye kompyuta. Laptopu yake ya zamani ni ya 2014, ilikuja na Windows 8 ikapandishwa mpaka Windows 10. Microsoft walipoacha kuipa Windows 10 sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 (walitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, lakini ye hakutaka viporo) akaona bora anunue nyingine, manake ile haiwezi kupokea Windows 11 kwa njia rasmi: Windows 11 inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama) na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka 2017. Ya kwake imezaliwa mapema mno. Kwa hiyo uamuzi wa kununua ulikuwa sahihi, shida ilianzia kwenye kubeba mizigo.

Alibeba hivi. Alikuwa na flashi moja ya GB 32, ambayo ukiichomeka inaonyesha 29 na kitu kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Akaijaza, akaimimina kwenye mpya, akaifuta, akarudi kujaza tena. Safari nne. Wifi ya laptopu ya zamani akaizima "ili isinisumbue na maapdeti". Njiani visanduku vya onyo vilimtokea mara kadhaa na kila mara alibonyeza Skip. Nilipomuuliza mbona aliruka, akanijibu kwa ukali kidogo: "Si wenyewe wameandika Skip? Mi nilijua ni kitu cha kawaida." Na kwa kweli simlaumu, kile kisanduku hakikwambii "ukibonyeza hapa faili lako linabaki nyuma na hakuna mtu atakayekukumbusha".

Nilipofika kitu cha kwanza sikugusa faili lolote, nilihesabu. Hii ndo hatua ambayo watu karibu wote wanairuka na mi naona ndo yenyewe hasa, manake ukishaanza kukopikopi bila namba utabaki unahisi tu. Unachagua folda zako zote, unabofya kitufe cha kulia cha mausi, unaenda Properties, unasubiri ihesabu, unaandika namba mbili kwenye karatasi: idadi ya mafaili na ukubwa. Laptopu ya zamani, ukijumlisha Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos, Music na OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), ilikuwa na mafaili 41,872, GB 118. Laptopu mpya ilikuwa na mafaili 39,006, GB 87.

Kwa hiyo yamebaki njiani mafaili 2,866 yenye GB 31. Angalia hizo namba vizuri kabla ya kuendelea, kuna kitu zinasema. Idadi imepungua kidogo sana, haifiki hata saba kwa mia, lakini ukubwa umepungua zaidi ya robo. Maana yake kuna mafaili machache makubwa mno hayakuvuka, na pembeni yake kuna rundo la vidogo nalo limebaki kwa sababu nyingine. Sababu moja isingeleta picha ya namna hiyo. Nikamwambia shangazi hapa tunatafuta wezi wawili au watatu, siyo mmoja. (Walikuwa wanne.)

Tuanze na zile aikoni za desktop, manake ndo zilizomtisha. Ukiziangalia kwa karibu kila moja ina kamshale kadogo kamepinda pale kona ya chini kushoto. Hiyo ni shotkati. Siyo faili, ni kikaratasi kilichoandikwa "faili liko kule", na ukiangalia ukubwa wake unakuta ni KB 1 au 2. Shangazi kwa miaka alikuwa anafungua vitabu vya wateja kupitia hizo aikoni, kwa akili yake vitabu viko pale pale kwenye desktop. Akazibeba shotkati kwa uangalifu mkubwa, zikafika salama zote kumi na tisa, kila moja ikionyesha njia ya nyumba ambayo haipo. Na hata kama vitabu vingekuwa vimefika bado zisingefanya kazi, kwa sababu ukianzisha Windows mpya kwa akaunti ya Microsoft folda yako ndani ya Users inapewa jina la herufi tano za mwanzo za imeili yako, wakati ile ya zamani ilikuwa na jina lake zima. Njia imebadilika, kikaratasi bado kinataja ya zamani.

Sasa vitabu vyenyewe vilikuwa wapi? Hapa ndo pana utamu.

Kwenye laptopu ya zamani kulikuwa na folda mbili zinazoitwa Documents. Moja iko kwenye njia ya kawaida, C, Users, jina lake, Documents. Nyingine iko ndani ya folda ya OneDrive. Historia yake ni kwamba miaka kadhaa nyuma Windows ilimwomba "ulinde mafaili yako", akakubali, na OneDrive ikafanya kile inachofanya: ikaihamisha Documents nzima ikaiweka ndani ya tumbo lake. Baadaye ikaanza kumpigia kelele kuwa nafasi inakaribia kujaa (ya bure ni GB 5 tu), akakasirika akazima ile bakapu. Sasa watu hawajui hili: ukizima, mafaili yaliyokwishaingia ndani ya OneDrive hayarudi yenyewe. Yanabaki humo humo, na Documents ya kawaida inaanza upya ikiwa tupu, imewekewa kishotkati kimoja tu kinachokuuliza kama unayatafuta mafaili yako. Kuanzia siku hiyo kazi mpya zikawa zinaingia Documents ya kawaida na za zamani zimelala kule ndani.

Kipindi cha kuhama shangazi alikopi Documents ya kawaida. Baadaye akaingia OneDrive kuchukua folda ya picha za simu, akaiona Documents nyingine imekaa pale, akasema moyoni hii si nishaikopi. Akaipita. Mafaili 1,685, vitabu vya wateja vya miaka ya mwanzo, yakabaki. Ukubwa wake wote haufiki hata GB 1, ndo maana ukiangalia GB peke yake usingeshtuka kabisa, lakini kwa shangazi hizo ndo zilikuwa roho ya kazi. Nawaambia watu kila siku, GB hazipimi thamani. Video moja ya sherehe ina uzito kuliko mahesabu ya miaka kumi.

Mwizi wa pili naye anakaa nyumba hiyo hiyo. Folda ya picha za simu ilikuwa na picha nyingi, ye alizikopi, lakini 1,140 hazikufika. Nikamwonyesha: ukiangalia pembeni ya jina la picha unaona kialama. Tiki ya kijani maana yake picha iko kweli kwenye diski yako. Kiwingu cha bluu maana yake unachokiona ni jina na kipicha kidogo tu, faili lenyewe liko kwenye seva, litashuka siku ukilifungua kama una intaneti. OneDrive inafanya hivyo ili diski isijae na kwa matumizi ya kila siku hata hujui tofauti. Ila shangazi alikuwa amezima wifi. Windows ikajaribu kuishusha picha, ikakosa njia, ikatoa onyo, Skip. Kwa picha elfu moja na zaidi huwezi kubonyeza moja moja, kuna kale kakisanduku ka "fanya hivi kwa zote", akakatia tiki. Kimya kikaingia, na ye akafurahi kuona kazi sasa inaenda haraka.

Namna ya kuligundua hili bila kukagua vialama mojamoja ni ile ile Properties. Kuna mistari miwili watu hawaitofautishi, Size na Size on disk. Wa kwanza ni ukubwa wa mafaili kama yangekuwepo yote, wa pili ni nafasi yanayokula kweli kwenye diski. Kwa kawaida hizo namba mbili zinakaribiana sana. Kwenye ile folda ya shangazi ya kwanza iliandika GB 4 na ushee, ya pili haikufika hata 2. Hiyo tofauti ya GB 2.3 ndo picha hewa. Dawa yake ni rahisi: washa intaneti, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua iwe inakaa kwenye kifaa hiki siku zote, subiri tiki za kijani zijae, ndo ukopi. Tuliiacha ikashusha wakati tunaendelea na mengine.

Mwizi wa tatu ndo aliyekula GB nyingi. Flashi nyingi ndogo zinatoka kiwandani zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani ambao haukubali faili moja lizidi GB 4, na siyo GB 4 kamili, ni pungufu ya hapo kwa baiti moja. Flashi inaweza kuwa tupu kabisa, ina GB 29 za nafasi, ukiipa video ya GB 6 inakataa. Shangazi alikuwa na video tatu za sherehe za familia, GB 6.2, 7.8 na 9.5, zote zikarukwa. Faili la nne lilikuwa baya zaidi: lile la PST la Outlook (programu yake ya imeili), GB 4.6, ndani yake kuna imeili zote za zamani za wateja ambazo kwenye seva alishazifuta ili kupunguza. Hilo lisingevuka hata flashi ingekuwa ya mfumo mwingine, kwa sababu Outlook ilikuwa imefunguliwa na ikishalishika faili hailiachii. Jumlisha hayo manne unapata GB 28.1 kati ya 31 zilizopotea. Mafaili manne tu!

Nitoke pembeni kidogo hapa kwa wenye Outlook. Ukikuta faili la OST usihangaike nalo, hiyo ni nakala tu ya kilichopo kwenye seva, ukiingiza akaunti kwenye kompyuta mpya inajitengeneza upya, na ukilibeba halitafunguka. PST ndo mali. Ukilipoteza PST umepoteza.

Wa nne ni mdogo. Mafaili 37 yalikataliwa upande wa pili, wakati wa kutoka kwenye flashi kwenda laptopu mpya, kwa sababu anwani yake ilikuwa ndefu mno. Windows kwa kawaida inataka njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski mpaka mwisho wa jina, isizidi herufi 260. Shangazi alikuwa na folda ndani ya folda ndani ya folda, moja inaitwa KOPI YA KOPI YA MWISHO, halafu kwenye mpya akaziweka zote ndani ya folda aliyoiita "Vitu vyote kutoka laptopu ya zamani usifute mtu yeyote". Jina zuri la onyo, ila lilikula herufi zilizokuwa zimebaki. Hapo tulifupisha jina tukaita ZAMANI basi.

1,685 jumlisha 1,140 jumlisha 4 jumlisha 37. Inakuja 2,866. Nilipomwonyesha hiyo hesabu kwenye karatasi shangazi akatulia kabisa, ni mtu wa vitabu, akiona pande mbili zimelingana moyo wake unarudi mahali pake.

Kuhamisha upya tulifanya kwa diski ya nje ya TB 1, siyo flashi. Niliifomati kwa mfumo wa NTFS kwa kuwa pande zote ni Windows, kama ungekuwa unaenda Mac ningeweka exFAT manake Mac inaisoma NTFS ila haiandiki humo. Na jambo dogo ambalo lilimkera shangazi kulisikia: ile laptopu ya zamani ina matundu mawili ya USB upande wa kushoto meusi na moja kulia lenye kiulimi cha bluu ndani. Safari zote nne alichomeka kushoto. La bluu ni USB 3, lile jeusi ni USB 2 ambalo kwa vitendo linakupa kama MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Tulipochomeka kwenye la bluu video zikawa zinapita kwa MB 90 hivi, hapo kizuizi si waya tena ni diski yenyewe ya zamani ya kuzunguka. Lakini tulipofika kwenye folda za risiti, vifaili vidogo vidogo maelfu, kasi ikashuka mpaka MB 2, akaanza kusema imeharibika. Haijaharibika. Kila faili linafunguliwa, linaandikwa jina kwenye orodha, linafungwa, na kisoma diski kinaruka huku na huku, kwa hiyo mafaili elfu kumi ya KB 20 yanachukua muda mrefu kuliko video moja yenye ukubwa mara kumi ya jumla yao. Yale makadirio ya Windows ya muda uliobaki usiyaamini, yanaangalia kasi ya sasa hivi tu.

Sikutumia kukokota na mausi. Nilitumia robocopy ambayo imo ndani ya Windows tayari, unafungua dirisha la amri unaandika kama hivi:

robocopy "C:\Users\shangazi\Documents" "E:\ZAMANI\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\hamisha.txt

Halafu unarudia kwa kila folda, na kila folda unaipa jina lake la daftari (lile faili la /LOG mwishoni) usije ukaandika juu ya la kwanza. /E ni folda zote mpaka tupu. /XJ inaizuia kufuata milango ya uongo, manake ndani ya Documents kuna vifolda vilivyofichwa vya My Music na My Pictures ambavyo ni vioo tu vya folda za kweli, ukivifuata unakopi mara mbili au unazunguka. /R:1 na /W:1 hizi usizisahau: bila hizo robocopy ikikwama kwenye faili moja imeambiwa ijaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, ambayo ukipiga hesabu ni siku 347. Nimeshawahi kuiacha usiku nikaamka iko kwenye faili la tatu. Na /LOG ndo daftari, mwisho wake inaandika yamepita mangapi na yameshindikana mangapi, hakuna habari ya Skip iliyosahaulika. Zaidi ya hapo inavumilia njia ndefu kuliko herufi 260 na inatunza tarehe ambayo faili lilitengenezwa, wakati ukikokota na mausi tarehe hiyo inakuwa ya leo. Ila kuna alama moja ya /MIR ambayo watu huipenda, hiyo inafuta upande wa pili chochote ambacho hakipo upande wa kwanza. Ukikosea kugeuza pande umeisha. Mi siitumii kwenye kuhama kabisa.

Baada ya hapo nikahesabu tena, namba zikagongana. Kwa zile video tatu na PST nilipima pia kwa certutil, unaipa faili inakurudishia msururu wa herufi 64 za SHA256, ukifanya pande zote mbili msururu ukawa ule ule basi hakuna hata baiti iliyopinda. Kwa mafaili 41,872 sikufanya hivyo, tulifungua la zamani kuliko yote, jipya kuliko yote, kubwa kuliko yote, na moja la kila aina. Inatosha.

Kulikuwa na vitu ambavyo siyo mafaili kwa macho ya shangazi lakini vinauma vikikosekana. Vile vikaratasi vya njano vya Sticky Notes, alikuwa navyo 11 (kimoja kina nywila ambayo sitaitaja ya nini). Vinakaa kwenye AppData, folda iliyofichwa, kwenye faili linaloitwa plum.sqlite, na ukilibeba, beba folda nzima ya LocalState siyo lile faili peke yake manake maandishi ya mwisho mwisho yanaweza kuwa kwenye kifaili cha pembeni yake. Sisi tuliingia tu kwa akaunti yake ndani ya ile programu vikaja vyenyewe. Nywila za Chrome nazo usijaribu kuzikopi kwa folda, zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows ya mashine ile, ukizihamisha unapata makufuli bila funguo. Washa usawazishaji wa akaunti ya Google, au zitoe kwa faili la CSV, ila hilo CSV ni maandishi wazi kabisa mtu yeyote anasoma, ukishaliingiza lifute hapo hapo. Firefox ye ni mpole, folda ya profaili ukiihamisha inakuja na kila kitu.

Programu yake ya uhasibu ndo ilitaka heshima. Programu hazikopiwi, ukibeba folda ya Program Files unabeba mwili bila mishipa manake nusu ya maelezo yake yako kwenye rejista ya Windows. Tukasakinisha upya, toleo lile lile la zamani kwanza, tukatengeneza bakapu kutoka ndani ya programu yenyewe siyo kwa kukopi folda zake, tukairudisha kwenye mpya, tukalinganisha salio la mwisho la wateja watatu. Leseni tuliizima kwenye ya zamani kabla ya kuiwasha kwenye mpya. Ukifanya kinyume unaishia kuandikiana na watu wa sapoti wiki nzima.

Kisha laptopu mpya ikaanza kelele zake. Tumemaliza kuweka mafaili kwenye Documents, dakika kumi OneDrive inasema imejaa, imeili zake zinaweza kukwama kama ni za akaunti hiyo hiyo. Ni kisa kile kile cha zamani kinajirudia: Windows 11 ukiisetapu kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi inawasha yenyewe ile bakapu ya Desktop, Documents na Pictures. Mizigo yote hiyo kwenye chungu cha GB 5. Tukaizima siku hiyo hiyo kabla folda mbili hazijazaliwa tena, tukahakikisha kila kitu kimerudi kwenye njia ya kawaida. Na mashine mpya nyingi siku hizi diski inakuja imesimbwa tayari (imefungwa kwa ufunguo wa siri, Windows wanaita BitLocker), kwa hiyo tuliandika ule ufunguo wa namba 48 wa BitLocker kwenye karatasi, akaufungia kabatini. Siku laptopu ikifa na unataka kutoa diski usome kwingine, bila hiyo karatasi hakuna fundi.

Jumamosi ilifika, kijana wa jirani akaja kuchukua chake. Shangazi akanitazama. Nikamwambia mwezi mmoja, laptopu ikae droo, haiwashwi haiguswi. Kijana akaondoka hajafurahi. Shangazi akaona nazidisha, namba si zimelingana, wewe mwenyewe umehesabu?

Wiki ya tatu akapiga simu. "Mwanangu, zile hati nilizoskani na ile mashine ya zamani ziko wapi?" Nikaenda nikatafuta kwenye mpya. Hakuna. Nikatafuta kwenye daftari la robocopy. Hakuna. Tukaitoa laptopu droo, betri imekufa, chaja ikatafutwa nusu saa, ikawaka. Programu ya skana ilikuwa inaweka kila kitu kwenye C, Users, Public, Documents. Folda ya watu wote. Mafaili 212, hati za viwanja, vyeti, mikataba. Hesabu yangu yote nzuri ilianza na kuishia kwenye folda za jina lake, sikuwahi kutazama mlango wa pili. Namba zililingana kwa sababu nilikosea pande zote mbili kwa usawa.

Nikazikopi, tena kwa mkono, moja moja nikiziona. Kisha nikapita C nzima folda kwa folda kuanzia juu kabisa, jambo ambalo lilinichukua dakika ishirini na ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Shangazi alikuwa amekaa pembeni hajasema neno. Nilipomaliza akauliza tu kama sasa yule kijana aambiwe aje.

Nikamwambia mwezi mwingine.